Muhula wa Masikio

Nyumba ilikuwa Parklands, nyuma ya ua wa bogenvilia ambao hakuna mtu aliyewahi kumaliza kuukata. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala, ulikuwa huoni ukuta wala paa. Ulisikia watoto tu. Nilikuwa nikisimama langoni, kiondo mgongoni na mkanda wake kichwani, nikizisikiliza sauti zikitoka kwenye weupe ule bila miili, na kwa mazoea nikizihesabu. Nilizihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara ya pili sikupata jibu la mara ya kwanza. Sokoni jambo hilo halikuwahi kunipata. Basi nilibaki pale kidogo, vidole vimeganda, mpaka nikakumbuka kwamba nimeleta kabichi.

Mimi nilikuwa mwanamke wa Ukambani mwenye biashara ya mboga. Nilinunua Dagoretti alfajiri na kuuza Parklands kabla jua halijawa kali. Kazi yote ilikuwa hapo katikati: kumfanya mtu wa Dagoretti akubali kwamba mboga zake zimechoka, kisha kumfanya mtu wa Parklands akubali kwamba zimechumwa sasa hivi, na mboga ni zile zile. Mume wangu alikuwa na kazi ya reli, wiki hii Mombasa, wiki ijayo Kisumu. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, na njiani askari walimwaga kiondo changu wakitafuta chini ya nyanya kitu ambacho sikukijua. Wakimaliza, niliokota nyanya na kuzihesabu mbele yao, polepole, wasije wakadhani sikuona.

Aliyenifungulia mlango wa jikoni kila asubuhi alikuwa mpishi wa shule, mtu wa Maragoli, mrefu, mwenye aproni safi kuliko shuka langu.

"Mama Mboga," alikuwa akiniambia, "hizi karoti umezitoa mazishini?"

"Zipime kwanza. Mazishi gani hayo yenye karoti nzito hivi?"

"Ya tajiri."

Yeye ndiye aliyenieleza ile shule. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa kisiwa cha Morisi, watoto wakimwita Madamu, na sisi pia. Nilipomuuliza mpishi kama Madamu ni Mzungu, alifikiri kidogo akasema inategemea nani anauliza. Wakati ule kila rangi ilikuwa na shule yake, na Madamu alikuwa na rangi isiyokuwa na shule, basi akafungua yake. Walikuja Wahindi waliotoka Bukini, yaani Madagaska, ambao nyumbani waliongea Kigujarati na sokoni Kifaransa. Walikuja watoto wa Wabelgiji wenye biashara na Kongo, mapacha wa mwokaji mikate Mgiriki, binti wa balozi fulani mdogo ambaye gari lake halikuwaka bila kusukumwa. Wazazi walisimama kwenye baraza jioni wakisalimiana kwa kila lugha, na wakikosa lugha, walioneshana watoto.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Asubuhi yote ilikuwa Kiingereza. Saa sita Madamu alipiga kengele ya shaba kwa mkono wake, na kuanzia hapo mpaka jioni ilikuwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa katikati ya maneno aliyaacha hapo, kama mtu anayevua viatu mlangoni, akaingia upande wa pili na mengine. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikichambua mchicha. Kelele za watoto zilikatika. Njiwa walisikika juu ya vigae. Kisha kelele zikaanza tena, watoto wale wale, lakini sauti zilikuwa zimepanda, zimekuwa laini, kana kwamba mtu ameigeuza nyumba nzima kama nguo na sasa tunauona upande wa ndani. Niliacha mchicha. Sijui nilikaa muda gani.

Kiswahili kilikuwa cha jikoni na cha bustani. Mezani hakikujibiwa. Hakuna aliyegombezwa, maneno yalipita tu, kama upepo unaopita juu ya sufuria. Hata mke wa yule balozi alipojaribu Kiswahili wakati wa chakula, Madamu aliendelea kupaka siagi.

Desturi nyingine ndiyo iliyonihusu. Mtoto mgeni hakulazimishwa kusema. Muhula wake wa kwanza waliuita muhula wa masikio. Alikaa, akasikiliza, akala, na hakuna mwalimu aliyemuuliza neno. Kazi yake ilikuwa moja: siku atakayoichagua mwenyewe, mezani, aombe kitu kwa kinywa chake, kwa lugha ya saa hiyo. Mkate, chumvi, chochote. Hapo aliacha kuwa mgeni. Muhula ukiisha hajaomba, Madamu aliwaita wazazi na kuwaambia kwa upole kwamba nyumba hii haijamwingia mtoto wao, na kiti kilikwenda kwa mwingine.

Nilikitaka kiti kimoja kwa ajili ya binti yangu.

Tulianza mazungumzo na Madamu mvua za masika zilipoanza, na zilipoisha tulikuwa bado tunaongea. Nilitaka mtoto asome, nami nilete mboga za jikoni kwa ile karo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrishia watu wa bustani, lakini alikitumia kwa heshima.

"Mama," aliniambia, "kiti hapana kabichi."

"Kweli, Madamu. Lakini hawa watoto wako hawawezi kula kiti."

Niliondoka. Kesho yake niliwaletea jirani zake mboga nzuri, nikapita mbele ya lango lake bila kutazama. Siku iliyofuata nilifanya vile vile. Mpishi aliniambia baadaye kwamba wiki ile walikula viazi mpaka mapacha wa Mgiriki wakalia. Madamu aliniita. Tulikubaliana.

Mwalimu wa shule ya misheni kule Dagoretti, ambako binti yangu alikuwa ameanza, hakufurahi. Alisema nikimtoa, kiti chake kitakaliwa na mwingine kesho yake asubuhi, na hakuna kurudi. Alisema ukweli, nilipita kesho yake nikamwona huyo mwingine, na viatu vyake. Kwa hiyo ilikuwa Parklands au shamba la mama yangu Ukambani, ambako kulikuwa na mbuzi na hakuna shule. Mimi mwenyewe nilisomea kwa mbuzi hao. Najua wanachofundisha.

Kila mtoto wa Madamu alikuja na kikombe chake, basi tulikwenda River Road kukinunua, mimi na yeye, kwa miguu kutoka stendi, tukipita kati ya mikokoteni na vyuma na harufu ya wino wa wapiga chapa. Alikuwa na miaka saba. Kwenye duka la Mhindi mmoja alikiona kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, akasimama kana kwamba ameitwa jina.

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia lile ambalo mama yangu hakuniambia, nililojifunza kwa hasara. "Kitu unachokitaka usikitazame. Ukikitazama, bei imepanda. Tazama kile kibaya cha karibu yake. Uliza hicho. Kisha jifanye umechoka, ondoka. Watakuita."

Tuliuliza bei ya birika lililopinda. Tuliuliza bei ya kufuli. Tulitoka. Tulifika karibu na kona.

"Mama! Rudi, wewe!" Mhindi alikuwa ametoka mpaka barabarani. "Birika hutaki, kufuli hutaki. Unataka nini, basi?"

"Sitaki kitu. Mtoto anataka maji ya kunywa, na hatuna hata kikombe."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akacheka mpaka akashika mlango. "Huyu mtoto ataniua njaa akikua," alisema, na kikombe kikashuka bei. Msichana wangu alikibeba mpaka nyumbani ndani ya blauzi yake, na sikumwona akikitazama hata mara moja. Nilijivuna.

Akaanza. Muhula ule umekaa kichwani mwangu kama kitu nilichokiona ndotoni, labda kwa sababu niliuona wote kupitia kidirisha cha jikoni, kile cha kupitishia sahani, na mvuke wa supu ukipanda kati yangu na wao. Walikaa kwenye meza mbili ndefu. Mwanga uliingia kutoka baraza, wa kijani kwa sababu ya majani, na vichwa vyote vilikuwa ndani yake, vyeusi, vya manjano, vyenye mikia ya nywele na tepe. Cha mtoto wangu kilikuwa cha mwisho upande wa ukuta. Nilitazama vinywa. Mtoto wa Bukini aliyeanza siku moja naye aliomba sukari wiki ya pili, akapigiwa makofi. Kijana Mbelgiji aliomba maji akiwa analia. Wangu alikula. Mkate ukiwa mbali naye, alikula bila mkate. Chumvi ikiwa mbali, alikula bila chumvi, macho kwenye bakuli la mbele yake, uso mtulivu kama wa mtu anayesubiri gari ambalo hana haja nalo.

"Huyu mtoto wako ni jiwe," mpishi alisema.

"Anasikiliza. Si ndiyo masikio hayo?"

"Masikio yamejaa, mama. Sasa yamwagike."

Muhula ulipita nusu. Nilianza kumuuliza njiani tukirudi, na yeye alinijibu kwamba supu ilikuwa nzuri. Nilimletea Madamu parachichi ambazo hatukuwa tumepatana. Alizipokea, akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ilinitisha kuliko askari wote wa njiani.

Kisha Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikwenda nyuma ya nyumba yetu Dagoretti kuanika nguo, nikasikia kengele. Ilikuwa kijiko kwenye kopo. Binti yangu alikuwa ameketi mchangani na mawe kayapanga mistari miwili mirefu. Alikuwa ameshapiga saa sita. Alikuwa akiyasemesha yale mawe kwa ile sauti laini ya mchana ya Parklands, akiyaonya, akiyauliza, akiyajibia, lile dogo jeusi la mwisho likiomba mkate na kupewa, likiomba chumvi, likiomba na siagi. Hakutafuta neno. Sikuelewa hata moja, na nilijua yalikuwa sawa, jinsi unavyojua shilingi nzuri kwa mlio wake. Nilisimama na shuka lililolowa mikononi, maji yakinitiririkia miguuni.

Nilimuuliza: "Mbona kule husemi?"

Hakushtuka. Alisema, "Bado hawajashusha."

"Nani hajashusha?"

"Madamu. Nikiomba sasa atajua nakitaka."

"Unakitaka nini?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kama mahindi yana mahindi. "Shule," alisema. Kisha akainama tena kwenye mawe yake, na hakulitaja tena.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikaa naye mchangani. Nilimwambia shule si duka. Akauliza, si wewe ulinunua kwa kabichi? Nilimwambia pale mtu akiomba anapewa, hakuna anayekataliwa. Akasema, kama hawakatai, haraka ya nini? Nilimwambia muhula una mwisho. Akasema ndiyo, na mwisho ndipo wanapoita. Kila mlango niliofungua, nilimkuta ameshakaa nyuma yake na kiti chake. Sijawahi kupatana na mtu mgumu vile, na nimepatana na wachinjaji.

Jumatatu nilimweleza Madamu jikoni. Nilimwambia mtoto anakijua Kifaransa chote, anakisemesha mawe.

"Mawe hapana mimi, mama," alisema Madamu. "Mimi ngoja yeye. Hata mtoto ya balozi, mimi ngoja yeye." Alinigusa bega. Alikuwa na haki; desturi ile ilikuwa imewasimamia wengine wote, na kama angeipindisha kwa mtoto wa mwanamke wa mboga, wazazi wa barazani wangesema wazi yale yaliyokuwa tayari yakisemwa juu yake na rangi yake.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema na baraza lilijaa vitu vya kufungia shule, tepe na viti vya kukodi. Nilikaa kwenye kidirisha. Supu ilipita. Wali ukapita. Mtoto wangu alikula, macho bakulini. Nilimwona Madamu akitazama upande wake, kisha akitazama saa ya ukutani, kisha akikunja kitambaa chake cha meza, jambo alilofanya chakula kinapokwisha.

Sikuwahi kuomba kitu maishani mwangu bila kwanza kujifanya sikitaki. Hata mume nilimpata hivyo. Lakini nilivua kiondo, nikakiacha jikoni, nikafungua ule mlango ambao watu wa jikoni hawakuufungua, nikaingia katika mwanga ule wa kijani nikiwa na matope ya Dagoretti mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilisimama mwisho wa meza. Vijiko vilinyamaza.

"Madamu," nilisema, "nakuomba. Mpe mtoto wangu muhula mwingine mmoja. Nakuomba sana."

Nilikuwa nimesema kwa Kiswahili, mezani. Kingine ningekitoa wapi? Madamu alinitazama, na niliona kwamba amesikia, na niliona kwamba hawezi. Meza nzima ilimtazama yeye. Akakishika tena kitambaa chake. Nami sikuwa na pa kwenda. Ukijifanya hutaki unaweza kuondoka, lakini ukishaomba waziwazi unasimama tu hapo ulipo. Mtoto wangu aliinua macho. Alinitazama mimi, kwa muda, kama anayenisoma bei, na uso wake ukabadilika. Nadhani aliona kwamba sikuwa najifanya.

Akasimama. Akasema kwa ile lugha ya mchana, kwa sauti ya wazi, maneno marefu yaliyokwenda bila kujikwaa mpaka mwisho.

Madamu alijibu neno moja fupi. Hata mimi nililielewa. Alikuwa amekataa.

Nilishika ukingo wa meza. Lakini mtoto hakukaa. Aliweka mkono mmoja kiunoni, kama mimi sokoni kabisa, na akaanza upya, taratibu. Madamu akajibu. Mtoto akaongeza. Madamu akajibu tena, mdomo ukimcheza. Mapacha wa Mgiriki walikuwa wamefungua vinywa. Mtoto wa Bukini alishuka kwenye kiti chake, akaenda, akarudi, akaniwekea bilauri ya maji mkononi, nami nikanywa bila kujua nakunywa nini, nikifuata nyuso, nikizihesabu zinazocheka na zisizocheka, na kila mara hesabu ikiniponyoka.

Niligeukia kidirisha. Mpishi alikuwa ameuweka uso wake wote pale, machozi yakimtoka.

"Wanasema nini?" nilimnong'oneza. "Mbona amemkataa?"

"Amesema, mama yangu anaomba nipewe muhula mwingine wa kujifunza kuomba." Alijifuta kwa ile aproni. "Madamu amesema hapana, hauhitaji. Sasa mtoto anabisha. Anasema muhula mmoja ni haki yake, mama yake ameshauomba mbele ya watu. Madamu amesema nusu. Yeye amekataa nusu."

"Mwambie akubali."

"Mwambie wewe. Mimi simwezi."

Madamu ndiye aliyechoka kwanza. Alisimama, akasema jambo, watoto wakapiga makofi na kupiga meza mpaka bakuli zikaruka. Kisha akanijia mimi, akanitoa mpaka jikoni, akafunga mlango ili Kiswahili chake kiwe mahali pake.

"Mama," alisema, "mtoto yako sasa kwetu. Muhula kesho mimi fundisha yeye nyamaza." Akarudi ndani.

Tulirudi kwa miguu mpaka stendi, jua la alasiri likipita kati ya miti na maua ya zambarau yakiwa yamelala barabarani bila mtu wa kuyafagia. Yeye alitembea mbele yangu kidogo. Nilikuwa na maswali mengi na sikujua nianze na lipi bila kuonekana nataka sana kujua.

Mwishowe nilimuuliza kama alipata alichokitaka.

"Karibu chote," alisema. "Nilipoongeza, nilisema na wewe uwe unakaa mezani siku ukija. Alikataa."

"Basi ukafanyaje?"

"Nikashuka mpaka maji."

Nilisimama. Ulimi wangu bado ulikuwa na ubaridi wa ile bilauri. Yeye alikuwa ameshafika kwenye kivuli cha pili, akageuka, akaniita kwa mkono nifanye haraka, basi lilikuwa linakuja.